Pendulamu Inapochora: Historia ya Hamonografu

Leo tuweke kando mambo ya seva na hifadhidata. Nataka tuzungumze kuhusu mashine ya kuchora ambayo haina mota, haina betri, haina hata mstari mmoja wa programu, na bado ukiiona kazi yake unaweza kuapa kwamba imetoka kwenye tarakilishi. Inaitwa hamonografu. Kuna wakati ilikuwa kifaa cha maprofesa, baadaye ikawa burudani ya sebuleni kwa watu wenye nafasi, na mwishowe ikahesabiwa kuwa kitu cha watoto. Mimi naiona kama babu wa kila programu ya michoro niliyowahi kuandika, na huyu babu hajapewa heshima yake.

Michoro yake huenda umeshaiona bila kujua jina. Ni mistari myembamba mamia kwa mamia, iliyosukana kama utando wa buibui, inayoanza kwa upana na kuzama polepole kuelekea katikati mpaka ikome. Mingine inafanana na konokono wa baharini, mingine kama kitambaa chepesi kilichokunjwa hewani.

Inavyofanya kazi ni rahisi ajabu. Pendulamu ni uzito wowote unaoning'inia na kuyumba, kama timazi ya fundi wa mawe inapoguswa kwa kidole. Chukua pendulamu mbili. Ya kwanza iyumbe kushoto na kulia, ya pili iyumbe mbele na nyuma. Fungia kalamu kwenye moja na karatasi kwenye nyingine, kisha uziachilie. Kila moja peke yake ingechora mstari mnyoofu tu wa kwenda na kurudi. Zikiwa pamoja, kalamu inalazimika kutii mabwana wawili kwa wakati mmoja, na hapo ndipo maumbo yanapozaliwa. Urefu wa pendulamu ndio unaoamua kasi yake. Ndefu huyumba polepole, fupi huyumba haraka, na ukitaka iende mara mbili zaidi ni lazima uifupishe hadi robo. Kwa hivyo kubadilisha umbo ni kusogeza uzito juu au chini, basi.

Najua kuna watakaosema, ah, hiyo si Spirograph tu? La, si hiyo. Spirograph ni ile seti ya magurudumu ya plastiki yenye meno ambayo mhandisi Mwingereza Denys Fisher aliionyesha kwenye maonyesho ya vitu vya watoto mjini Nuremberg, Ujerumani, mwaka wa 1965. Hutumia gia, na gia zina meno yanayohesabika. Ukizungusha gurudumu la meno 60 ndani ya duara la meno 96 utapata umbo la ncha 8, na ukirudia kesho utapata ncha 8 zile zile. Pendulamu haina meno. Urefu wake unaweza kuwa sentimita 40, au 40.1, au 40.13, na kila badiliko dogo linaleta mchoro tofauti. Kwa lugha ya wanaprogramu, Spirograph ni namba kamili na hamonografu ni namba za desimali. Halafu kuna tofauti kubwa zaidi: Spirograph haichoki mpaka wewe uchoke, lakini pendulamu huchoka. Hewa inaizuia, msuguano unaila, na kila mzunguko unakuwa mdogo kuliko uliotangulia. Huko kuchoka ndiko kunakoupa mchoro kina chake. Nitarudi hapo.

Mtu wa Salem

Hadithi hii kwa kawaida huanzia kwa Mfaransa aitwaye Lissajous, na maumbo yenyewe yanaitwa kwa jina lake. Lakini alitanguliwa kwa zaidi ya miaka 40, na aliyemtangulia ni mtu ambaye programa yeyote angempenda.

Mwaka wa 1815 James Dean, wa Chuo Kikuu cha Vermont huko Marekani, alikuwa akiwaza swali zuri: ukisimama mwezini, dunia itaonekana ikifanya nini angani? Mwezi hutuonyesha uso mmoja daima, kwa hivyo kwa aliyesimama huko dunia haichomozi wala haitui. Inabaki pale pale, ila inatikisika kidogo huku na huku. Kuonyesha mtikisiko huo Dean alitumia pendulamu iliyofungwa kwenye nukta mbili badala ya moja. Mwaka huo huo Nathaniel Bowditch aliichukua pendulamu hiyo, akaifanyia hesabu na kuchapisha maumbo inayoyatoa.

Bowditch alizaliwa mwaka wa 1773 mjini Salem, Massachusetts. Aliacha shule akiwa na umri wa miaka 10 ili amsaidie baba yake kutengeneza mapipa, na akiwa na miaka 12 akapelekwa kuwa karani mwanagenzi katika duka la vifaa vya meli. Mengine yote alijifundisha. Alijifunza Kilatini ili aweze kumsoma Newton, tafakari hilo! Alipoanza kusafiri baharini alichukua kitabu cha uelekezaji wa meli kilichokuwa kikitumika sana wakati ule, cha Mwingereza aitwaye Moore, na akaanza kukagua majedwali yake namba moja baada ya nyingine. Akapata makosa maelfu. Kosa la jedwali si mchezo, maana nahodha anayeamini namba mbovu huenda akagonga mwamba usiku akidhani yuko maji makuu. Mwishowe Bowditch aliandika kitabu chake mwenyewe, kilichotoka mwaka wa 1802, na manahodha wa Marekani wakakifanya msahafu wao. Hiyo ndiyo kazi tunayoiita leo kutafuta hitilafu, isipokuwa yeye aliifanya kwa kalamu ya unyoya katika meli inayopepesuka.

Na Salem si mbali nasi kama inavyodhaniwa. Meli za mji huo ndizo zilizotawala biashara ya Wamarekani na Unguja kabla ya karne ya 19 kufika katikati. Mkataba wa biashara kati ya Marekani na Seyyid Said ulitiwa sahihi mwaka wa 1833, na konsuli wa kwanza wa Marekani kule Unguja, Richard Waters, aliyeanza kazi mwaka wa 1837, alikuwa mtu wa Salem. Zilileta kitambaa cha pamba ambacho pwani yote hadi bara kikaitwa merikani, zikarudi na pembe za ndovu, karafuu na sandarusi. Siwezi kuamini kwamba manahodha hao walivuka bahari mbili bila kitabu cha jirani yao Bowditch. Kwa hivyo mtu wa kwanza kuzifanyia hesabu hizi tunazoziona kama urembo ndiye aliyekagua namba zilizoongoza meli za merikani. Hata hivyo maumbo yale hayaitwi kwa jina lake ila katika vitabu vichache. Ndivyo mambo yalivyo: anayefanya onyesho la kuvutia ndiye anayekumbukwa.

Mwanga unaochora ukutani

Na onyesho la Jules Antoine Lissajous kweli lilivutia. Alikuwa mwalimu wa fizikia mjini Paris, na tatizo lake lilikuwa sauti. Wanamuziki walikuwa wakisawazisha ala zao kwa uma wa chuma wenye meno mawili, ule unaougonga ukalia kwa sauti moja safi. Lakini utajuaje kwamba uma wako na wa mwenzako zinatetemeka sawasawa? Sikio hudanganya. Lissajous alibandika kioo kidogo kwenye uma mmoja na kingine kwenye uma wa pili uliowekwa kwa pembe mraba na wa kwanza. Akaelekeza mwale wa mwanga kwenye kioo cha kwanza, ukarukia cha pili, kisha ukutani. Nyuma zikigongwa, nukta ya mwanga ilikimbia kwa kasi kiasi kwamba jicho liliona umbo zima limesimama ukutani likimetameta. Kazi hiyo aliichapisha mwaka wa 1857.

Uzuri wake ni huu. Nyuma mbili zikiwa sawa kabisa, umbo hutulia. Ikiwa moja inaitangulia nyingine kwa mtetemo mmoja tu katika kila sekunde 10, umbo huanza kujigeuza taratibu na kurudi lilivyokuwa baada ya sekunde 10. Tofauti ambayo hakuna sikio lingeisikia sasa inaonekana kwa macho, tena na umati mzima kwa pamoja.

Na kulikuwa na haja. Wakati ule kila jumba la opera Ulaya lilikuwa na noti yake, na mwelekeo ulikuwa kupanda juu zaidi na zaidi kwa sababu ala zikikazwa husikika zenye kung'aa. Waliolipia mng'ao huo ni waimbaji. Mpiga fidla akikaza waya ukakatika atanunua mwingine, lakini mwimbaji anayelazimishwa kupanda kila mwaka ataununua wapi mwingine? Serikali ya Ufaransa iliunda tume, Lissajous akiwemo pamoja na watunzi maarufu kama Berlioz na Rossini, na mwaka wa 1859 noti ya A ikawekwa kisheria kuwa mitetemo 435 kwa sekunde. Leo kiwango cha kimataifa ni 440. Mimi huwa nafikiria hilo ninaposikia watu wakilalamika kwamba kazi ya kuweka viwango ni ya kuchosha. Mtu alitumia mwale wa mwanga kuokoa koo za watu.

Mbinu hiyo haikufa. Mafundi wa redio walipopata osiloskopu katika karne ya 20 walilinganisha mawimbi kwa maumbo yale yale, safari hii yakichorwa na elektroni kwenye kioo cha kijani. Na shirika la utangazaji la Australia, ABC, limetumia mojawapo ya maumbo hayo kama nembo yake tangu mwaka wa 1965.

Kutoka Glasgow hadi sebuleni

Tukirudi kwa pendulamu zenyewe, jina linalotajwa sana ni la Hugh Blackburn, Mskoti aliyekuja kuwa profesa wa hisabati wa Chuo Kikuu cha Glasgow kuanzia mwaka wa 1849. Pendulamu inayoitwa kwa jina lake ni ya mwaka wa 1844, alipokuwa bado mwanafunzi Cambridge. Kamba mbili zinashuka kutoka darini, zinakutana kwenye fundo, kisha kamba moja inaendelea hadi kwenye uzito, kama herufi Y. Ikiyumba upande mmoja hutumia urefu wote kutoka darini, na ikiyumba upande mwingine ni sehemu ya chini ya fundo tu inayoyumba. Pendulamu mbili ndani ya moja! Uzito ukiwa ni faneli yenye mchanga, mchoro unajimwaga wenyewe sakafuni. (Mkewe, Jemima, alikuwa mchoraji wa ndege mwenye jicho kali. Ndiye aliyeshuhudia kifaranga wa kekeo akiwasukuma wenzake nje ya kiota kabla hata hajafumbua macho, na Darwin akalikubali hilo katika toleo la mwisho la kitabu chake. Nyumba hiyo ilikuwa na watu waangalifu.)

Rafiki mkubwa wa Blackburn alikuwa William Thomson, ambaye dunia inamjua kama Lord Kelvin. Nataka tukae hapa kidogo, kwa sababu Thomson alifanya jambo ambalo kwangu ndilo linaloonyesha kwamba hamonografu haikuwa mchezo mtupu.

Watu wa pwani wanajua bamvua na maji mafu. Bamvua ni pale bahari inapojaa sana na kupwa sana, maji mafu ni pale inaposogea kidogo tu. Kwa nini zinapishana? Kwa sababu mwezi unavuta bahari kwa mzunguko wa saa 12 na dakika 25 hivi, na jua linavuta kwa mzunguko wa saa 12 kamili. Mizunguko hiyo miwili ikikutana inasaidiana, ikipishana inapunguzana, na hukutana tena kila baada ya siku 14 na robo tatu. Ni jambo lile lile la nyuma mbili zilizokosana kidogo, ila hapa kinachotetemeka ni bahari. Mnamo mwaka wa 1872 Thomson alibuni mashine ya kutabiri maji, iliyojumlisha mizunguko mingi ya namna hiyo kwa magurudumu na kapi, kamba moja ikipita juu ya kapi zote na mwisho wake kalamu ikichora mstari wa kujaa na kupwa. Kuzungusha mkono wa mashine kwa saa chache kulitoa maji ya bandari ya mwaka mzima. Mwaka wa 1944, Arthur Doodson alitumia mashine za ukoo huo huko Liverpool kukokotoa maji ya fukwe za Normandy, na wanajeshi wakashuka Juni 6 kwa kufuata namba hizo.

Mashine hizo na hamonografu zina hesabu moja: jumla ya miyumbo, na kalamu mwishoni. Moja ikaitwa chombo cha serikali, nyingine ikaitwa kitu cha kuchezea.

Katika miaka ya 1870 mtengenezaji wa vifaa wa London, Samuel Charles Tisley, alianza kutengeneza hamonografu nzuri za chuma na mbao, na zikawa kivutio katika hafla za kisayansi. Watu walipenda hasa uhusiano wake na muziki. Pendulamu mbili zikiwekwa katika uwiano wa 2 kwa 1 huchora kile ambacho sikioni ni noti na ile ile ya juu yake. 3 kwa 2 na 4 kwa 3, zile zinazopendeza sikio, hupendeza jicho pia, na uwiano usio na mpango hutoa msongamano wa mistari usioeleweka. Kwa watu wa enzi hiyo hilo lilikuwa karibu na ushahidi kwamba uzuri una kanuni. Mimi si mwepesi wa kuamini mambo kama hayo, lakini nakiri kwamba inashawishi.

Walioipenda zaidi hawakuwa maprofesa. Joseph Goold alibuni pendulamu pacha, ambapo pendulamu ndogo inaning'inia chini ya kubwa, na juu ya ile kubwa kuna meza ya karatasi inayozunguka katika umbo la yai. Charles Benham alikuwa mwandishi wa gazeti aliyepata jina mwaka wa 1895 kwa pia ya watoto yenye michoro myeusi na myeupe ambayo ikizunguka huonyesha rangi zisizokuwepo. Wao pamoja na wenzao wawili walitoa kitabu kizima kuhusu michoro hii mwaka wa 1909, kupitia kampuni ya vifaa vya macho ya Newton & Co. ya London. Kulikuwa hata na desturi ya kuchora juu ya kioo kilichopakwa masizi ya moshi, kisha kukimulika ukutani kwa taa, mstari mweupe kwenye giza.

Moscovich

Mtu wa mwisho ninayetaka mumjue ni Ivan Moscovich. Alizaliwa mwaka wa 1926 mjini Novi Sad, uliokuwa Yugoslavia, katika familia ya Kiyahudi. Baba yake aliuawa katika mauaji ya halaiki mjini humo mwaka wa 1942. Yeye alipelekwa Auschwitz akiwa bado kijana, akapitia kambi nyingine, na jeshi la Uingereza lilipoingia Bergen-Belsen Aprili 1945 lilimkuta hai. Alihamia Israeli mwaka wa 1952, akawa mwanzilishi wa makumbusho ya sayansi mjini Tel Aviv ambamo wageni waliruhusiwa kushika vitu badala ya kuvitazama tu, na maisha yake yote akabuni mafumbo na vitu vya kuchezea.

Alitengeneza pia hamonografu kubwa. Mwaka wa 1968 ilikuwa miongoni mwa vitu vilivyoonyeshwa London katika maonyesho ya Cybernetic Serendipity, yaliyoandaliwa na Jasia Reichardt, ambayo ni kati ya maonyesho ya kwanza makubwa ya sanaa na tarakilishi. Katika ukumbi huo huo kulikuwa na kazi ya Desmond Paul Henry, mwalimu wa falsafa wa Manchester, aliyenunua kikokotoo cha kulengea mabomu cha ndege za vita kutoka kwa bidhaa zilizobaki za jeshi, akakigeuza kuwa mashine ya kuchora.

Picha hiyo hainitoki akilini. Mmoja alinusurika vita akaenda kuchora kwa kani ya uvutano. Mwingine alichukua kifaa cha kuangushia mabomu akakipa kalamu. Na pembeni yao tarakilishi za kwanza zikijaribu kufanya vile vile kwa kadi zilizotobolewa. Sisi tunaoandika programu za michoro leo tumetoka katika chumba kile, na wengi wetu tunadhani tumetoka kwenye kadi peke yake.

Kwenye tarakilishi

Haya, tuje kwenye programu. Kuiga hamonografu ni kazi ya mistari michache:

x = A1·sin(f1·t + p1)·e^(−d1·t) + A2·sin(f2·t + p2)·e^(−d2·t)
y = A3·sin(f3·t + p3)·e^(−d3·t) + A4·sin(f4·t + p4)·e^(−d4·t)

A ni upana wa kuyumba, f ni kasi, p ni mahali pa kuanzia, d ni kuchoka. Pandisha t kutoka 0 hadi 400 kwa hatua ndogo, unganisha nukta, umemaliza. Jaribu kwanza f za 2 na 3 tu huku d zote zikiwa 0. Utapata umbo moja, safi, lililokufa, kalamu ikipita juu ya mstari ule ule milele. Sasa weka d kuwa 0.005. Ghafla kuna matabaka. Kisha badilisha 3 iwe 3.01, na umbo zima litaanza kujizungusha huku likizama. Hiyo 0.01, ambayo kwenye hesabu nyingine ungeiita kosa, ndiyo inayotengeneza vile vitambaa vilivyokunjwa.

Hata hivyo mlinganyo huu unaficha jambo. Unachukulia kwamba pendulamu huchukua muda ule ule iwe inayumba sana au kidogo, jinsi Galileo alivyoamini. Si kweli kabisa. Ikiyumba nyuzi 20 kutoka wima inachelewa kwa karibu asilimia 0.8 ikilinganishwa na inapoyumba kidogo sana, na Christiaan Huygens alilishughulikia tatizo hilo la saa za pendulamu katika karne ya 17. Kwa hivyo ukiipa pendulamu moja msukumo mkubwa na nyingine mdogo, uwiano wako unabadilika wakati mchoro ukiendelea. Mimi nimeweka programu na pendulamu halisi ubavu kwa ubavu, na jicho hutambua. Wa programu ni msafi kupita kiasi.

Ndiyo maana nawasihi walimu wa tarakilishi, hasa wa shule ambazo mashine ni tatu kwa wanafunzi hamsini: kabla ya kuwafundisha watoto sin na cos kwenye kioo, waonyesheni zikidondoka chini. Gharama yake ni kamba na chupa.

Chukua chupa ya maji ya plastiki, kata kitako, toboa kifuniko tundu la milimita 4 au 5, na uining'inize kichwa chini. Piga misumari miwili kwenye boriti, iachane kwa kiasi cha sentimita 60. Kamba mbili zishuke kutoka misumari hiyo zikutane kwenye fundo, na kutoka fundo kamba moja ishuke hadi kwenye chupa, kama Y ya Blackburn. Kutoka boriti hadi katikati ya chupa iwe sentimita 90, na kutoka fundo hadi katikati ya chupa sentimita 40. Uwiano wa 40 kwa 90 ni 4 kwa 9, kipeuo chake ni 2 kwa 3, na hiyo ndiyo noti ya tano ya wanamuziki. Upande mrefu utakwenda na kurudi kwa sekunde 1.9 hivi, upande mfupi kwa 1.27. Tandaza karatasi nyeusi chini. Ukiivuta chupa kwa pembe na kuiachilia tu, itakwenda na kurudi kwenye njia ile ile, kwa hivyo ipe msukumo mdogo wa pembeni ili njia ifunguke.

Utaona umbo likijizungusha taratibu. Asitokee mtu akawaambia watoto kwamba hiyo ni dunia inazunguka, kama Foucault alivyoonyesha mjini Paris mwaka wa 1851. Kule Paris pendulamu yake ilihitaji saa 32 hivi kumaliza duara. Hapa Nairobi, karibu kabisa na ikweta, ingehitaji siku 44, na Nanyuki kwenye mstari wenyewe isingegeuka kabisa, hata wale jamaa wa beseni la maji na watalii waseme nini. Kinachozungusha umbo lako ni fundo ambalo halikukaa kwenye 40 kamili, na pia mchanga wenyewe: kadiri unavyomwagika, kitovu cha uzito kinashuka na pendulamu inazidi kuwa ndefu. Sogeza fundo nusu sentimita uone.

Kuhusu mchanga, nimejaribu chumvi ya mezani na ikanata kwa unyevu. Mchanga wa mto uliokaushwa juani na kuchekechwa mara mbili ndio ulionipa mstari mwembamba usiokatika. Haya, kazi kwenu.